Haikufuata Jina

Iringa,
12 Februari 1995

Mama,

Leo naanza vibaya, bila salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama barua zote zilizopita. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Babu anaponiita "mayu", anaponidhania kuwa ni mama yake aliyekufa zamani, huwa simsahihishi. Namjibu. Asubuhi ananiuliza kutoka kitandani, "Mayu, kidonda kimelalaje?" Nami niko nje nafagia, nasema, "Kimelala kama mbwa aliyeshiba, mwanangu. Kanywe maziwa." Hapo anatulia, namsikia anatafuta fimbo yake.

Mwanzoni nilifanya hivyo kwa kumhurumia. Macho yake hayaoni tena, na kichwa chake kinarudi nyuma kila mwaka. Lakini likizo ya Desemba nilijikuta namjibu kabla hajauliza. Na sasa niko huku kwenye baridi, mbali na ninyi wote, na kuna asubuhi naamka nikiwa nimeshasema maneno yale kwa sauti. Wenzangu bwenini wananicheka. "Specioza, mbwa wako leo kashiba?" Nacheka nao. Sitaki wajue.

Sasa salamu. Mwangaluka, mama. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi. Michembe ya viazi uliyonipa imebaki kidogo, naificha ndani ya soksi maana wasichana wa huku walianza kwa kuicheka, sasa wanaiiba. Nisalimie kaka Mayala. Mwambie kidato cha tatu ni kigumu lakini baiolojia naipenda.

Mama, wewe unajua ninachoogopa, ingawa nyumbani halitajwi. Jina la Minza alianza nalo mama yake babu, akafa kwa kidonda cha titi. Akarithishwa dada yako mkubwa, naye akafa hivyohivyo wakati mimi niko tumboni mwako. Minza wa Nyashimo, binti wa babu Limbu, ndugu yake babu, akafa nikiwa na miaka sita. Nakumbuka wazee walivyokaa uani siku tatu, wakasema jina hilo linafuatwa, asipewe mtoto mwingine tena. Mimi nilikuwa nimeshapewa. Tangu siku hiyo watu wa kwetu wananitazama kama mtu anayesubiri gari.

Naomba unijibu swali moja tu. Ukiwaacha kina Minza, yuko mwanamke mwingine wa ukoo wetu aliyekufa kwa ugonjwa huo?

Mwanao,
Specioza Minza


Bariadi,
9 Machi 1995

Kwa mwanangu Specioza,

Mwangaluka mwanangu. Barua yako ilifika kwa mkono wa katekista, imekunjwa kama ugoro. Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri, pamba imesimama, mtama nao si mbaya. Ng'ombe mweusi amezaa jike. Kaka yako Mayala anasema mwaka huu wanunuzi wa pamba watakuwa wengi, si chama cha ushirika peke yake. Wamekuja watu na magari yao na mizani yao, na yeye amepata kazi ya kupima. Sasa anatembea na kalamu sikioni hata akienda chooni. Bariadi imejaa vitu. Mitumba inamwagwa chini kama mchanga, unachagua mpaka kiuno kinauma. Nimekupatia sweta. Lina picha ya bata kifuani, usikasirike, ni zito.

Swali lako: hakuna mwingine. Ni wao tu.

Babu anakuulizia. Nakuomba jambo moja, nalo ulishike: usimjibu tena. Akikuita hivyo, nyamaza, au niite mimi.

Soma. Usikae kuwaza mambo ya watu waliolala.

Mama yako,
Lukresia Maganga


Iringa,
2 Aprili 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sweta limefika na bata wake. Sista wa bweni amesema ni bata mwenye heshima, niruhusiwe kulivaa hata darasani. Wabeja, asante sana. Hongera kwa ndama.

Mama, nimejifunza kitu, na tangu wiki iliyopita silali vizuri, ila safari hii si kwa hofu ile ya zamani.

Mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Januarius, ni mtu mrefu mwenye kikohozi, anafundisha akitazama dirishani. Alitufundisha urithi. Kila mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyohesabika, na ndani ya kila seli mna maagizo yanayoitwa jeni. Nusu yametoka kwa baba, nusu kwa mama. Seli inapogawanyika inanakili maagizo yake yote, na kama mtu yeyote anayenakili ubaoni, mara nyingine inakosea. Kosa hilo likiangukia penye maagizo ya kusema "sasa acha kukua", seli haiachi. Inazaa nyingine isiyoacha. Hiyo ndiyo kansa. Alisema makosa mengi hutokea tu mtu akiwa anaishi, kwa jua, kwa tumbaku, kwa uzee, kwa bahati mbaya, na ndivyo zilivyo kansa nyingi za watu, ya utumbo, ya mapafu, hata ya titi. Lakini wachache huzaliwa na kosa moja tayari.

Nilinyoosha mkono. Mama, mimi! Darasa zima liligeuka. Nikauliza, kosa la kuzaliwa nalo linawezaje kusubiri miaka arobaini? Akaacha dirisha akanitazama. Akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Bariadi. "Basi nyie mna ng'ombe," akasema. "Zizi lenu linafungwa na nini?" Nikasema miti, tunapitisha mlangoni. "Chukulia ni miti miwili. Mmoja kakupa baba, mmoja mama. Mtoto akizaliwa na mti mmoja umeoza, ng'ombe watatoka?" Nikasema hapana, wa pili utawazuia. "Mpaka lini?" Nikasema mpaka nao uvunjike. Akasema, "Umejijibu." Kisha akasema mwaka jana tu wataalamu wa ng'ambo wameipata mojawapo ya jeni hizo, ya titi, na kwamba mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuumwa, akampa binti yake.

Mama, babu ni mzima. Babu Limbu alikufa mzee kwa homa. Lakini ni ndugu wa tumbo moja, na tumbo hilo ni la Minza wa kwanza.

Nilichora ukoo wetu kwenye mchanga nyuma ya jiko. Ukifuata jina, unarukaruka. Ukifuata damu, unatembea. Nafikiri haikufuata jina, mama. Nafikiri ni sisi tuliolifuata.

Kwa hiyo narudia swali langu. Hakuna kabisa mwingine?

Mwanao


Bariadi,
20 Mei 1995

Mwanangu,

Mwangaluka. Samahani kwa kukawia, ni msimu wa kuchuma. Hati yangu mbaya, usijali, siku hizi naandika haraka. Tunachuma pamba mimi na wake za majirani. Mimi nachuma kwa mkono wa kushoto, nimekuwa mvivu, wananipita mistari miwili. Mayala anapima mpaka jioni, wanunuzi wanagombana mbele ya wakulima kama majogoo. Babu amekohoa wiki mbili, sasa ameacha.

Nilisoma ya mwalimu wako. Ni mtu msomi. Mambo ya zizi ni kweli.

Likizo ya Juni usije. Njia ndefu, utachoka bure, baki na masista usome. Nimemwambia Mayala akutumie ya matumizi.

Omba Mungu. Usiogope kitu. Wewe utakuwa mzima mpaka uzeeke, hilo nalijua mimi mama yako.

L. Maganga


Iringa,
4 Juni 1995

Mama,

Shikamoo. Nimepona mafua. Wenzangu wamefunga mabegi, kesho bweni litabaki na sisi wanne. Nisalimie babu na Mayala.

Kwa nini unachuma kwa mkono wa kushoto?

Kwa nini nisije?

Unajuaje kwamba nitakuwa mzima? Desemba ulikuwa hujui. Desemba ulinitazama nikioga, ukidhani sikuoni, na uso wako ulikuwa hujui kitu.

Specioza


Iringa,
1 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Labda barua imepotea. Huku tunamenya mahindi ya masista na kusoma maktaba. Hakuna mtu wa kuzungumza naye, na kwa kawaida ningefurahi.

Nimewaza mkono wa kushoto kila siku. Nitauliza wazi kwa sababu uko mbali na sioni uso wako, ungekuwa karibu nisingethubutu. Je, una uvimbe?

Nakungoja.

Specioza


Bariadi,
15 Julai 1995

Mwanangu Specioza Minza,

Mwangaluka. Barua haikupotea. Zote nimezipata, niliziweka chini ya debe la mtama ili nisizione. Pamba imeuzwa. Mvua hakuna, ni vumbi tu na upepo. Babu yuko salama, analala sana.

Ndiyo. Ninao. Titi la kulia, upande wa kwapa. Niliuona mwezi wa pili mwishoni, kama punje ya njugu mawe, sasa ni kama jiwe la kusagia pilipili. Hauumi sana. Mkono ndio mzito.

Sasa nisikilize, na ukimaliza kusoma barua hii uichome jikoni kwa masista.

Desemba ile, siku moja asubuhi, nilikuwa natoka kukamua. Nilifika mlangoni kwa babu na kibuyu mkononi, nikasikia baba anauliza kidonda kimelalaje, na nikasikia ulivyojibu. Mbwa aliyeshiba. Mwanangu, hayo ni maneno ya bibi yangu. Alikufa kabla sijazaliwa lakini dada yangu Minza aliyasema hivyohivyo alipokuwa anaumwa, na hakuna aliyemfundisha. Na sauti haikuwa yako. Wewe unaongea kama mtu anayeomba msamaha. Ile ilikuwa sauti ya mwenye nyumba.

Nikajua ameshakuja kukuchukua, anapima mlango tu.

Sikwenda kwa mganga. Nilimwaga maziwa yote pale kizingitini, nikamwambia: "Huyu ni mdogo, hajaolewa, hajazaa, ana vitabu. Mwache. Mimi nimekaa duniani bila jina lako miaka thelathini na tisa, nilikuwa nakuibia. Nichukue mimi." Ndiyo maana siku ile mlikunywa uji bila maziwa, nikasema ng'ombe amepiga teke.

Miezi miwili, nikaona uvimbe. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilikaa kwenye shina la pamba nikacheka mpaka mke wa Yakobo jirani akaniuliza kuna nini. Nilijua nimekubaliwa.

Kwa hiyo usiniambie mambo ya hospitali. Mayala ameshaanza, "Mama twende Mwanza, mama twende Mwanza," nimemfukuza na mwiko. Ukitoa kitu ulichokubali kwa mdomo wako, kinarudi kilikotaka kwenda. Kikitoka kwangu kitakwenda kwako. Siwezi.

Uliuliza mara mbili kama kuna mwingine. Nilikudanganya kidogo. Shangazi yangu Scola wa Kalemela, dada yao babu, alikufa tumbo limejaa maji kama mjamzito. Lakini si titi, na hakuwa Minza, kwa hiyo hatukumhesabu.

Kaa na amani. Hii kazi nimeimaliza.

Mama yako


Iringa,
28 Julai 1995

Mama yangu,

Shikamoo, mama. Sikuichoma. Hapa wote wazima. Sista wa bweni ameniona nalia, akanipa chai, hakuuliza.

Naandika barua hii mara ya tano. Ya kwanza ilikuwa na matusi, Mungu anisamehe.

Maneno ya mbwa aliyeshiba alinifundisha babu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alipoita mara ya kwanza nilisema, "Sijambo, babu," akakasirika: "Mayu hasemi hivyo! Mayu husema kimelala kama mbwa aliyeshiba." Nikasema. Akasema, "Halafu?" Nikasema, "Halafu nini?" Akasema, "Halafu unaniambia nikanywe maziwa." Nikikosea ananisahihisha mpaka leo. Na dada yako Minza, nani alikuwa akimuuguza pamoja nawe? Si babu? Basi na yeye alifundishwa. Na sauti ni kubwa kwa sababu babu hasikii vizuri na mimi nilikuwa nje. Hakuna marehemu aliyekuwa mlangoni, mama. Ni mimi, na ufagio.

Najua utasema aliutumia mdomo wangu bila mimi kujua. Siwezi kukuthibitishia kwamba hakuwapo. Mimi mwenyewe kuna asubuhi siwezi kujithibitishia. Kwa hiyo tumwache, tuzungumze juu ya uvimbe.

Nilimwendea Mwalimu Januarius nyumbani kwake. Sijawahi kubisha kwenye mlango wa mwalimu maishani. Nilimtajia kila aliyekufa, na Scola wa Kalemela. Alipomsikia Scola aliweka kikombe chini. Akasema jeni hiyo waliyoipata, wenye kosa hilo wengine huumwa titi na wengine huumwa ndani ya tumbo, kwenye mifuko ya mayai. Akasema, "Kwa hiyo si watatu. Ni wanne. Mlimwacha mmoja kwa sababu ya jina." Akasema pia kwamba yeye si daktari, na kwamba hapa nchini hakuna kipimo cha kumwambia mtu kama anayo. Nikamuuliza, mzazi akikubali kuumwa yeye, mtoto anapona? Hakutaka kujibu. Nikauliza tena. Nimejifunza kwako, kuuliza mara mbili.

Alisema: haihami. Haitoki kwa mtu ikaenda kwa mwingine. Mtoto huipata siku anapotungwa, au haipati. Nusu kwa nusu. Baada ya hapo hakuna anayeweza kumpa wala kuipokea kwake.

Mama, hili ndilo nililolilia. Ulichofanya pale kizingitini ni kikubwa kuliko kitu chochote ambacho mtu amewahi kunifanyia au atanifanyia. Na hakikununua kitu. Kama mti wangu mmoja umeoza, ulikuwa umeoza tangu nikiwa tumboni mwako. Kama ni mzima, ulikuwa mzima hata Desemba. Ukifa sitapona kwa hilo. Ukipona sitaumwa kwa hilo. Sitaki kukuambia maneno haya, ningependa kukuacha na amani yako. Lakini amani hiyo inakuua.

Nina jambo moja la kuomba. Huenda ninayo. Miaka kumi na tano au ishirini ijayo huenda nami nikakaa kwenye shina la pamba nikagusa kitu kama njugu mawe. Siku hiyo nitamwuliza nani? Mama yake babu alikufa. Mama mkubwa alikufa, na wa Nyashimo, na Scola. Katika ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyekwenda akarudi. Wote wanajua njia ya kufa tu. Nataka mtu wa kunionyesha njia nyingine, aniambie wanakata wapi, inauma kiasi gani, unalala ubavu gani, mkono unarudi lini.

Kama unataka kunipa kitu, nipe hicho.

Mwanao,
Specioza


Mwanza,
25 Agosti 1995

Mwanangu,

Mwadila, maana naandika jioni. Mayala ndiye anayeandika, mimi nasema, mkono umefungwa. Anasema nimwambie aandike kwamba yeye hajambo na amekonda kwa kunilinda. Muongo, anakula pilau ya wagonjwa.

Barua yako niliisoma peke yangu shambani. Siku kadhaa nilikuchukia. Kidogo. Mtu amebeba mzigo njia nzima, halafu mtoto anamwambia gunia ni tupu. Nilikaa nikitaka gunia langu liwe na kitu.

Halafu nikawaza lile la mwisho. Nilimwuguza dada yangu, Specioza. Kila siku aliniuliza, "Luku, mwisho wake huwaje?" na mimi nilikuwa najua mwisho tu, nikawa namwimbia ili asiulize. Nikasema huyu wangu asije akaimbiwa.

Tumemuuza yule dume mwekundu. Mayala alisema, "Heri aende huyu, mama, wewe hupigi watu pembe. Sana." Tulipanda gari la mizigo ya pamba hadi Mwanza. Daktari ni kijana, mikono baridi. Aliniuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Mdomo ulitaka kusema hakuna. Nikamhesabia wanne, kwa majina yao, na Scola nikamtaja wa kwanza.

Wamelitoa. Ulitaka kujua: wanakata kuanzia karibu na mfupa wa kifua mpaka kwapani. Siku ya kwanza hujui kitu. Ya pili na ya tatu ni moto. Unalala chali, ubavu wa kushoto baadaye. Mkono bado. Kuna wakati nanyoosha mkono kulikuna titi na halipo, na linawasha palepale hewani. Hilo hawakuniambia, nakuambia wewe.

Daktari anasema nimechelewa, lakini si sana. Nikipata nguvu nitakwenda Dar es Salaam kwenye mionzi. Hakuahidi.

Soma. Na Desemba njoo nyumbani.

Mama yako, kwa mkono wa Mayala (ambaye anaongeza: pilau haina nyama)


Bariadi,
29 Desemba 1995

Kwa mama, Dar es Salaam

Shikamoo, mama. Barua hii anakuletea Yakobo jirani, anakuja huko kwa mambo ya mashine ya kusaga. Nimekufungia nsansa, majani ya kunde niliyoyakausha, na karanga. Mayala ni mzima, ana mchumba, atakwambia mwenyewe. Mvua imeanza. Babu anauliza umekwenda wapi, namwambia Dar, anasema mbona hukuaga. Mayala anasema uliaga mara tatu. Mstari wa mkono niliupokea kwenye barua yako ya mwezi uliopita, kwamba sasa unaweza kujifunga kilemba mwenyewe. Nilimsomea Mayala mpaka akasema basi, tumesikia.

Mwalimu Januarius alitufundisha mpaka tukafunga. Siku ya mwisho aliniuliza hali yako. Nikamwambia, mionzi wiki ya tatu. Akasema, "Na hao wengine?" Nikasema wengine gani, wengine walikufa. Akanitazama vile anavyotazama dirisha. Nilikuwa njiani kwenye treni ndipo nikaelewa.

Kwa hiyo nakuandikia nilichofanya.

Jumanne niliomba lifti ya gari la mchele hadi Nyashimo. Nilikwenda kwa watoto wa yule Minza, binti wa babu Limbu. Wako wawili, Wilhelmina na Elina. Nilifika sokoni, Wilhelmina anauza mitumba, amesimama juu ya lundo lake anapiga kelele. Ana miaka thelathini na kitu sasa, mnene, ana watoto watatu. Aliponiona aliacha nguo aliyokuwa ameinua. Kisha akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Jamani, leo soko limeingiliwa! Huyo Minza huyo. Umekuja kutugawia?"

Wenzake wakacheka. Unanijua, mama. Nilitaka kugeuka. Nilisema nimekuja kumsalimia.

"Salamu ya kutoka Bariadi? Sema ulichobeba, usinitie mkosi mbele ya wateja."

Nikasema ni mambo ya mwili, tuongee pembeni. Akanipeleka nyuma ya kibanda, lakini hakunipa kigoda. Elina alikuwa huko ananyonyesha. Akavuta kanga, akamfunika mtoto uso nisimwone. Sikukasirika. Ningefanya hivyohivyo.

Nilisema yote vibaya. Nilianza na seli nikaona macho yao yanaondoka. Nikarudi kwenye zizi na miti miwili. Nikawataja waliokufa. Wilhelmina akanikata: "Sisi hatuna hilo jina. Baba alikataa. Mimi nimebatizwa Wilhelmina, huyu Elina, na watoto wetu wote wana majina ya watakatifu. Kwetu limeisha."

Nikasema, "Mama yangu pia hana hilo jina. Ni Lukresia. Wamemkata titi mwezi wa nane."

Hawakuwa wamesikia, mama. Samahani kama ulitaka iwe siri. Elina aliacha kutikisa mtoto. Wilhelmina alisema, "Luku? Luku yule?" kisha akaniuliza mara nyingine, taratibu, kama mtu anayemuuliza daktari, "Amekufa?"

Nikasema hapana. Yuko Dar, anajifunga kilemba mwenyewe.

Nikawaambia kwamba huenda wanayo na huenda hawana, hakuna anayeweza kujua. Kwamba la kufanya ni kujigusa kila mwezi baada ya siku zao, na wakikuta kitu wasisubiri kiwe jiwe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimefundishwa na muuguzi wa misheni ya Iringa kwa kutumia mto wa kulalia, sikuwahi kumwonyesha mtu.

Elina akasema, "Mimi sitaki kujua." Akambeba mtoto akaondoka. Sikumfuata. Nitarudi Januari kabla shule hazijafunguliwa, nijaribu tena.

Wilhelmina alibaki. Huko mbele mteja alikuwa anaita, "Dada wa mitumba! Hii suruali bei gani?" Alitazama alikokwenda Elina, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa," akasema. Akafungua vifungo vya blauzi, kimoja, cha pili, na ule mdomo wake wote wa sokoni umeisha. "Haya. Wanaanzia wapi?"

Nikamshika mkono, nikauweka kwapani.